Mkebe wa Bati na Ua la Azalea: Kutoka Gent hadi Milima ya Kivu

Mkebe wa maziwa ya unga ukiisha hautupwi. Msumari unatoboa matundu matano au sita kwenye kitako, vijiwe vya lava vinatangulia ili maji yasituame, udongo unafuata, kisha kinachomekwa kitawi cha ua kilichoombwa kwa jirani. Ndivyo zinavyoanza bustani nyingi za nyumbani katika miji ya mashariki ya Kongo: mikebe imepangwa ukingoni mwa baraza, na asubuhi mwenye nyumba anapita na kikombe cha maji, mmoja baada ya mwingine.

Mkebe wenyewe ni bamba la chuma lililopakwa utando mwembamba wa bati ili lisishike kutu. Bati hilo hupatikana kwa kuyeyusha kasiteriti, jiwe jeusi lenye uzito unaoushangaza mkono. Jiwe hilo ndilo lililowavuta maelfu ya wachimbaji hadi Bisie, ndani ya misitu ya Walikale, Kivu Kaskazini, kuanzia mwaka 2002. Kwa miaka mingi lilitoka huko migongoni mwa watu, magunia ya kilo 50, kwa njia ya miguu ya zaidi ya kilomita 40 hadi barabarani Njingala. Chakula, sabuni na nguo viliingia Bisie kwa migongo hiyohiyo.

Makala haya yanafuata historia ya ua moja ambalo lingeweza kukaa vizuri ndani ya mkebe huo: azalea, na hasa ile jamii mpya ya vichaka vifupi visivyopukutisha majani yote na vinavyochanua zaidi ya mara moja kwa mwaka. Historia ya ua hili inaigusa Kongo kwa karibu kuliko wengi wanavyodhani. Kivu ina udongo unaolifaa, ina hewa inayolifaa, na ina ndugu zake milimani. Kitu kilichokuwa adimu ni miaka ya kutulia.

Ndugu walioko Virunga

Azalea ni sehemu ya jenasi ya Rhododendron. Mwaka 1753 mtaalamu wa mimea Linnaeus alizitenga azalea katika jenasi yake peke yake. Mwaka 1834 Mskoti George Don akazirudisha kundini, na huko ndiko zilikobaki. Jenasi hiyo ina spishi zipatazo 1,000, nyingi zikiwa Himalaya, China na visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia. Afrika haina hata moja ya asili.

Lakini ukoo mkubwa uliozaa azalea, ukoo wa Ericaceae, uko kwetu tangu zamani. Anayepanda volkano ya Nyiragongo, katika safu ya Virunga, hutoka kwenye msitu mzito, na akikaribia kilele anaingia kati ya vichaka vya erika, vyenye majani madogo kama sindano na vimaua vilivyoinama. Karisimbi na Mikeno nazo zina ukanda wa erika, na huko mingine ni miti kamili iliyoning'inia ndevu za kuvumwani. Katika milima hiyohiyo ya Afrika ya kati na mashariki humea Agarista salicifolia, mti wa ukoo huo wenye maua kama vikengele, ambao wafugaji huwakinga ng'ombe wao wasiule kwa sababu majani yake ni sumu.

Mimea ya ukoo huu ina tabia moja inayoeleza karibu kila kitu kuhusu utunzaji wake. Mizizi yake ni myembamba kama nywele, hukaa juujuu, na huishi kwa ushirika na kuvu zinazoisaidia kunyonya chakula kutoka kwenye udongo wenye asidi, ambamo mimea mingine hukonda. Kwa hiyo azalea hudai udongo wenye asidi, uliojaa majani yaliyooza, mwepesi, wenye unyevu usiotuama.

Kutoka Edo hadi Gent

Wajapani ndio walioifanya azalea kuwa sanaa ya bustani. Mwaka 1692 Itō Ihei, mwenye kitalu katika mji wa Edo, yaani Tokyo ya leo, alichapisha kitabu kizima kuhusu azalea, akizigawa makundi mawili kwa majira ya kuchanua kwake. Kwa hiyo miaka zaidi ya 300 iliyopita palikuwa na mafundi wa kuzichagua, kuzizalisha na kuziuza, na wanunuzi waliojua kutofautisha rangi na rangi.

Ulaya ilizipata baadaye. Mwanzoni mwa karne ya 19 Rhododendron simsii kutoka kusini mwa China ilifika Uingereza, na kutoka hapo wakulima wa maua wa Gent, Ubelgiji, wakaitwaa na kuichanganya mpaka ikawa ua la ndani ya nyumba. Gent ulikuwa tayari mji wa maua: maonyesho yake ya kwanza yalifanyika Februari 1809 katika nyumba ya wageni, na mfululizo huo ndio uliozaa maonyesho makubwa ya Floralies. Vitalu vya Gent vilijifunza kuipa azalea kipindi cha baridi matumba yake yakomae, kisha kuiingiza kwenye joto ichanue wakati wa Krismasi. Udongo wao wa zamani ulikuwa majani ya misonobari yaliyookotwa msituni na kuachwa yaoze. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya ulilipa jina la azalea ya Gent ulinzi wa kisheria, kama unavyolindwa mvinyo au jibini ya mahali fulani.

Nyumba ya kioo yenye jina la Kongo

Hapo ndipo historia ya ua hili inapokutana na yetu. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alipenda mimea. Kuanzia mwaka 1874, kwa michoro ya Alphonse Balat, alijenga Laeken, jirani na Brussels, mji mzima wa nyumba za kioo na chuma. Moja ni ya azalea. Nyingine, ya mwaka 1886, inaitwa Nyumba ya Kongo, na ilikusudiwa mimea ya nchi aliyoifanya mali yake binafsi mwaka uliotangulia.

Dola Huru ya Kongo ilidumu kutoka 1885 hadi 1908. Katika miaka hiyo vijiji vililazimishwa kutafuta mpira msituni, wake za watu wakashikwa rehani, na mikono ikakatwa. Faida ya mpira huo iliingia katika majengo makubwa ya mfalme, pamoja na upanuzi wa kasri lake la Laeken. Kila majira ya kuchipua milango ya nyumba zile za kioo hufunguliwa kwa wiki chache, na watu hupita kati ya azalea zilizofunika njia kwa waridi na nyeupe. Mkongo anayepita hapo ana haki ya kuyatazama maua kwa furaha, na ana haki pia ya kukumbuka vijiji vya mpira. Ua halina hatia. Lakini kumbukumbu ya bustani haikamiliki bila jina la aliyelipa.

Bustani za Kivu

Bustani haikuletwa Kivu na Wazungu. Kabla yao, boma lilikuwa na mimea yake yenye maana. Mti wa Erythrina abyssinica, ambao wasemao Kinyarwanda huuita umuko, ulipandwa na kuheshimiwa kwa maua yake mekundu na kwa nafasi yake katika ibada za Ryangombe, mkuu wa mizimu. Dracaena ilionyesha mipaka. Huko Kilimanjaro Wachagga huiita sale, na aliyekosa huitumia kuomba msamaha.

Ukoloni wa Ubelgiji uliongeza safu nyingine. Comité National du Kivu iliundwa mwaka 1928 na kugawa ardhi kwa walowezi. Kuanzia 1937 serikali ilihamishia Masisi familia nyingi kutoka Rwanda. Mashamba ya kahawa, chai, pareto na kwinini yakaenea vilimani. Karibu na nyumba za walowezi na misheni yalistawi maua ya mbali: bogenvilia ya Amerika ya Kusini, hibiska ya Asia, kana, waridi. Hali ilikuwa hivyohivyo kwenye nyanda za juu za Kenya, ambako mwaka 1934 kilitoka kitabu cha Gardening in East Africa kilichohaririwa na Jex-Blake, mwongozo wa walowezi wa huko.

Maua yaliyovuka ua wa mlowezi na kuingia vijijini ni yale yanayoshika kwa urahisi. Tawi la bogenvilia au hibiska linakatwa, linachomekwa, mvua inafanya kazi iliyobaki. Azalea ni ya subira. Kitawi chake cha sentimita 7 hadi 10, kilichoanza tu kukomaa, huhitaji kivuli, hewa yenye unyevu na miezi miwili hivi kabla ya kutoa mizizi, na miaka kama miwili kabla ya kuwa kichaka cha kuonyesha wageni.

Ua linalorudi

Azalea za zamani zina kikwazo kingine kwa nchi za ikweta: huchanua mara moja, na matumba yake hungoja baridi ya wiki kadhaa. Ufumbuzi ulitoka Taiwan. Mwaka 1864 Richard Oldham, mkusanyaji wa bustani ya Kew, aliokota kisiwani humo azalea ya maua mekundu yaelekeayo rangi ya chungwa. Alifariki Amoy mwaka huohuo, akiwa bado kijana, na mmea ukabaki na jina lake: Rhododendron oldhamii. Sifa yake ni kuchanua kwenye machipukizi mapya, tena hata wakati wa kiangazi.

Katika miaka ya 1980 Robert E. Lee, anayejulikana kama Buddy, mwenye kitalu huko Louisiana, Marekani, alianza kuichanganya damu hiyo na azalea za kijani cha mwaka mzima. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mazao yake yaliingia sokoni kwa jina la Encore. Wengine walifuata, na leo kuna aina fupi zisizozidi mita moja, zinazochanua, kupumzika na kuchanua tena. Mmea unaochanua kwenye chipukizi jipya hautegemei sana baridi, na hilo ndilo linaloifungulia mlango Kivu.

Masisi na Bisie: udongo mmoja, hewa mbili

Wilaya za Masisi na Walikale zimepakana, lakini zinatofautiana kwa hewa. Vilima vya Masisi hupita mita 2,000, usiku huwa wa blanketi na asubuhi ya ukungu. Hapo azalea ingejiona nyumbani. Chai ni shahidi mzuri: popote chai inapostawi, udongo una asidi, na azalea hupenda udongo huohuo. Walikale iko chini, yapata mita 700, joto na mvua karibu mwaka mzima. Udongo wa msitu wake ni mwekundu, wenye asidi, uliosafishwa na mvua za karne nyingi. Utajiri wake uko juu, kwenye tabaka la majani yanayooza. Bisie, basi, ingeipa azalea chakula chake na kuisumbua kwa joto. Ni aina zinazorudia kuchanua, kwenye kivuli cha asubuhi na upepo, ndizo zingefaa kujaribiwa huko.

Anayetaka kupanda aanze na mkebe. Ajaze majani yaliyooza ya msituni, yaliyochanganywa na udongo kidogo mwekundu na mchanga wa lava. Asizike shina, mizizi ikae juujuu, ifunikwe majani makavu. Anyweshe maji ya mvua. Apogoe mara tu maua yanaponyauka, kwa kuwa anayechelewa hukata matumba ya awamu ijayo. Na majivu ya jikoni, ambayo bibi zetu waliyamwagia migomba kwa busara, yasiguse azalea: majivu huua asidi ya udongo, majani yanageuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, na mmea unakufa polepole.

Kwa Masisi, nchi ya maziwa na jibini, kuna onyo kubwa zaidi. Majani na maua ya azalea ni sumu kwa ng'ombe, mbuzi na binadamu. Yapata mwaka 400 KK askari wa Kigiriki waliokuwa na kamanda wao Xenophon walikula asali ya nyuki waliolishwa na maua ya ukoo huu, karibu na Trabzon, wakaanguka kama walevi. Mkebe wa azalea ukae barazani, mbali na zizi na mbali na mkono wa mtoto.

Miaka ya kutulia

Bustani ni hesabu ya kukaa. Machi 1993 machafuko yalianzia soko la Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi, na tangu hapo familia nyingi zimehama zaidi ya mara moja. Mgodi wa Bisie, ambao tangu 2019 unaendeshwa kwa mitambo na ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024, ulisimama Machi 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 walipokuwa wakisonga kuelekea Walikale, ukaanza tena Aprili. Mgodi husimama na kuwashwa. Kitawi cha azalea kikikosa maji wiki mbili hakiwashwi tena.

Ndiyo maana mkebe unastahili heshima katika historia ya bustani zetu. Mwenye shamba hawezi kulibeba. Mwenye mkebe anaweza. Bati lililotoka ardhini mwetu hurudi likiwa chombo cha maziwa, na chombo hicho, kikishikwa na mkono wenye subira, kinakuwa bustani inayoweza kukimbia pamoja na mwenyewe, na kurudi naye. Jioni itakapotulia, mkebe utawekwa tena ukingoni mwa baraza, utanyweshwa kikombe kimoja, na mwenyewe atahesabu matumba.