Hitilafu za umeme katika kigari cha gofu
Hitilafu hizi ni kasoro za betri, nyaya, swichi, solenoidi (swichi ya sumaku) au mota zinazokizuia kigari kutembea. Kigari cha volti 48 mara nyingi hubeba betri sita za asidi, kila moja ya volti 8, zilizoungwa mfululizo. Moja ikifa, zote hulegea.

Fundi huanza na betri. Zikijaa chaji, mita husoma takriban volti 51. Kisha kila betri hupimwa kigari kikiwa kinavuta mzigo: inayoshuka ghafla kuliko wenzake ndiyo mbovu. Vichwa vilivyoota kutu husuguliwa kwa brashi na maji ya magadi soda.

Pedali ikikanyagwa, solenoidi hulia “ta!” Ikilia bila kigari kwenda, huenda pleti zake za ndani zimeungua. Ikinyamaza, swichi ya funguo na ya pedali hukaguliwa.

Kabla ya kugusa nyaya, fundi huvua pete na kuchomoa waya wa hasi.