Bagamoyo Baada ya Chanjo: Nani Anachagua Ugonjwa wa Kutafitiwa?

Mwezi Mei 2009 watoto wa Bagamoyo ndio waliotangulia kuchanjwa katika awamu ya tatu ya majaribio ya RTS,S, chanjo ya malaria iliyokuja kuhusisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika. Miaka kumi baadaye, chanjo hiyo ilipoingizwa kwa mara ya kwanza katika kliniki za kawaida, nchi zilizoanza nayo zilikuwa Ghana, Kenya na Malawi, si Tanzania. Wapo wanaolalamika kwamba aliyelima siye aliyevuna. Lawama hiyo naiona nyepesi: nchi ziliombwa zijitokeze, zikachujwa kwa vigezo. Hoja nzito iko kwingine. Kituo kilichokua kwa kupima bidhaa za wengine huzoea kuutafuta ugonjwa wenye bidhaa, na yale maradhi yauayo ghafla, yasiyo na mnunuzi, husubiri mpaka yawe habari ya redioni.

Uwezo si haba. Mwaka 2012 tawi la Taasisi ya Afya Ifakara lililopo Bagamoyo lilifanya jambo ambalo Afrika haikuwa imelishuhudia katika zama hizi: kuwaambukiza malaria watu wazima wenye afya, kwa ridhaa yao. Vijana wa kiume kutoka vyuo vya Dar es Salaam walijitolea. Vimelea vilikuwa vimekamuliwa Maryland, Marekani, kutoka tezi za mate za mbu waliofugwa maabara, vikagandishwa na kusafirishwa katika mvuke wa nitrojeni. Viliyeyushwa papo hapo, vikachomwa ndani ya ngozi. Kisha damu ikapimwa tena na tena kwa hadubini hadi kimelea kilipoonekana, na mgonjwa akaanzishiwa dawa mseto. Kazi ya namna hiyo haivumilii uzembe hata wa saa chache. Inahitaji mtaalamu wa maabara asiyesinzia, daktari aliye karibu, na mshiriki anayeielewa fomu aliyoitia saini.

Basi mashine hii yote ielekezwe wapi?

Pwani hii imewahi kulijibu swali hilo kwa namna mbili. James Christie, tabibu aliyekuwa Unguja wakati wa kipindupindu cha 1869 na 1870, hakuwa na maabara. Aliwahoji wafanyabiashara, mabaharia na watu wa misafara, akaunganisha njia za ugonjwa hadi Pangani na visiwani, na mwaka 1876 akachapisha kitabu ambacho bado kinasomwa. Robert Koch, mtafiti wa Kijerumani wa bakteria, alikuja na hadubini. Mwaka 1897 na 1898, akiwa Dar es Salaam, alichunguza sampuli za tauni kutoka Kiziba, karibu na Bukoba. Mwaka 1905 alifukua papasi kwenye sakafu za vibanda vya wasafiri na kueleza jinsi wanavyobeba vimelea vya homa. Wenyeji walikuwa wakiwaogopa papasi hao zamani sana. Koch alikuwa mwanasayansi mkubwa kuliko Christie, hilo halina ubishi, lakini Christie alianza na swali la watu waliokuwa wakifa mbele yake. Koch alipita.

Swali la leo ni homa. Utafiti uliofanyika katika kliniki za wagonjwa wa nje za Dar es Salaam na Ifakara mwaka 2008 ulichunguza watoto 1,005 wenye homa: waliokuwa na malaria walikuwa asilimia 10 hivi tu, na wengi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Moshi, miongoni mwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, zaidi ya nusu waliandikiwa malaria. Waliokuwa nayo hawakufika asilimia 2, huku magonjwa yatokayo kwa wanyama yakipita bila kutambuliwa. Julai 2022, watu walipotokwa damu puani huko Ruangwa, ilibidi kwanza kuondoa hofu ya Ebola na Marburg ndipo ikajulikana kuwa ni homa ya mgunda, ambayo huambukizwa kwa mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Wagonjwa 20 walikuwa wameripotiwa, 3 wakiwa wamefariki.

Na tauni? Kuanzia 1980 iliisumbua Lushoto, katika milima ya Usambara, karibu kila mwaka kwa zaidi ya miongo miwili, ikawapata maelfu ya watu, wengi wanawake na watoto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamefanya kazi ya kuheshimika juu ya panya na viroboto wa milima ile. Ila Usambara si kisiwa. Mabasi hushuka kila siku, na barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo inayojengwa itapita karibu na njia aliyoichora Christie.

Nitaambiwa kwamba tauni ni adimu, hakuna mfadhili wa kulipa watu wasubiri mgonjwa asiyekuja. Kweli. Ndiyo maana sipendekezi mradi wa tauni. Napendekeza kila jaribio la chanjo linaloingia Bagamoyo litozwe kazi ya ziada: mtoto mwenye homa akipimwa na kukutwa hana malaria, uchunguzi usiishie hapo na antibayotiki mkononi. Sehemu ya sampuli ipimwe homa ya mgunda, dengi, chikungunya, homa ya papasi, na tauni pale dalili zinapoelekeza huko. Gharama iandikwe katika bajeti ya mfadhili tangu mwanzo. Ridhaa nayo iombwe tangu mwanzo, kwa maana mzazi aliyekubali damu ya mwanawe ipimwe malaria hajakubali mengine.

Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya 1979, tayari hupitia maombi ya majaribio ya namna hii kabla ya sindano ya kwanza kuchomwa. Sharti hilo linaweza kuwekwa katika hatua hiyo hiyo. Wafadhili wachache watanung'unika. Sidhani kama kuna atakayefunga virago, kwani watoto wenye malaria na wataalamu wa kuwafuatilia hawapatikani Maryland.