Siku Moja, Majina Manne

Ingia nyumba yoyote Kenya, ukutani hukosi kalenda: ya kanisa, ya SACCO, ya duka la simiti, ya mheshimiwa anayetafuta kura. Nyingi ni za bure. Kwa hivyo mwanafunzi wa usanifu anayeamua kuchora kalenda yake aiuze ana kibarua. Tarehe watu wanapewa bure. Yeye atauza picha, rangi na jicho lake. Basi nguvu zote anazimalizia kwenye picha, na zile siku anazinakili tu mahali. Kumbe siku ndizo zenye hadithi.

Anza na safu ya kwanza. Jina Jumamosi lenyewe linasema ni siku ya kwanza, kwa sababu Waswahili walihesabu juma kuanzia baada ya Ijumaa. Wamisheni wakaleta juma linaloanza Jumapili, ofisi zikaleta la Jumatatu. Ukichagua safu, umeshachagua upande.

Halafu kuna wino mwekundu. Tarehe 20 Oktoba ilikuwa Siku ya Kenyatta, kukumbuka alivyokamatwa mwaka wa 1952 pamoja na wenzake. Katiba ya 2010 ikaifanya Siku ya Mashujaa. Katiba hiyo ikataja siku tatu za kitaifa: Madaraka, Mashujaa na Jamhuri. Siku ya Moi, tarehe 10 Oktoba, haikutajwa. Ikakoma kuwa mapumziko, watu wakaenda kazini.

Novemba 2017, Mahakama Kuu ikasema siku hiyo iliachwa kinyume cha sheria, maana Sheria ya Sikukuu ilikuwa bado inaitaja. Ona mwezi wenyewe: Novemba, wakati kalenda za mwaka unaofuata ziko mtamboni au tayari ziko sokoni. Oktoba 2018 serikali ikatangaza mapumziko. Baadaye siku hiyo ikaitwa Huduma, kisha Utamaduni, na tangu 2024 ni Mazingira. Siku moja, majina manne, na kila jina limeacha kalenda fulani ikisema uongo.

Kwa mwenye mtaji mdogo hilo si jambo la kucheka. Katika uchapaji wa ofseti, kila rangi ina sahani yake: samawati, majenta, njano na nyeusi. Nyekundu hutokana na majenta na njano, kwa hivyo kuongeza sikukuu moja baadaye ni kutengeneza sahani upya. Na sahani hazijali umechapa nakala 100 au 1,000, gharama yake ni ile ile. Ndiyo maana mtu anashawishika kuchapa nyingi, ili kila moja imtokee kwa bei nafuu.

Lakini hata aliye makini hawezi kujua yote. Idd hungoja mwezi uandame. Mapumziko ya kupanda miti ya tarehe 13 Novemba 2023 yalitangazwa wiki moja tu kabla. Hakuna kalenda ya ukutani iliyokuwa nayo.

Kwa hivyo anayechora aache nafasi tupu chini ya kila mwezi, mwenye nyumba aandike mwenyewe serikali ikibadilisha nia. Na achape kidogo. Kalenda ikifika Februari haijauzwa, imebaki karatasi nzuri tu ya kufunikia madaftari ya watoto.