Kupima sauti ya umma: somo la Usukuma na ukanda wa dhahabu

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, akaipa kazi ya kuwauliza Watanzania kama nchi ibaki na chama kimoja au iruhusu vyama vingi. Tume ilizunguka mikoani na kupokea maoni ya watu zaidi ya 36,000. Takriban asilimia 77 walitaka chama kimoja kiendelee, na waliotaka vyama vingi walikuwa kama asilimia 21 tu. Miaka minne baadaye, katika uchaguzi wa Oktoba 1995, Benjamin Mkapa wa CCM, chama kilichokuwa madarakani, alishinda kwa asilimia 61.8. Zaidi ya asilimia 38 ya kura zilikwenda kwa Augustino Mrema, Ibrahim Lipumba na John Cheyo, huyu wa mwisho akiwa mtu wa Bariadi, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Kati ya takwimu hizi mbili kuna fumbo ambalo historia ya Usukuma, nchi ya Wasukuma kusini mwa Ziwa Victoria, inaweza kutusaidia kulifumbua. Hoja yangu ni hii: maoni ya wananchi hayajawahi kukosekana katika nchi hii. Kilichokosekana mara nyingi ni kipimo ambacho mwananchi anakiamini, na kipimo kisichoaminiwa na anayeulizwa kitatoa jibu lisilo lake.

Tuanze na miaka ya 1950. Serikali ya Mwingereza ilisikiliza Usukuma kupitia kwa watemi, ambao shirikisho lao lilikuwa na makao yake Malya. Kupitia kwao zilishuka amri za kupunguza ng'ombe, kulima kwa matuta na kulima pamba, sehemu ya mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947. Kupitia kwao pia zilitakiwa kupanda juu taarifa za wananchi wanavyofikiri. Lakini mtemi aliyelipwa mshahara na serikali hakuwa na sababu ya kupeleka habari mbaya kwa mwajiri wake. TANU, chama cha kupigania uhuru kilichokuja kuzaa CCM na ambacho kingeweza kuwa masikio mengine, kilinyimwa usajili katika eneo hilo kuanzia mwishoni mwa 1954 hadi 1958. Hivyo wakubwa wa jimbo walikuwa na taarifa nyingi zenye kutuliza moyo, na ujuzi mdogo wa kilichokuwa kikisemwa majumbani na magulioni.

Wakulima wenyewe walikuwa wamekwisha kujifunza jambo kuhusu vipimo. Malalamiko yao makubwa dhidi ya wanunuzi wa pamba yalikuwa mizani. Mkulima alifika na mzigo wake, mnunuzi akapima kwa mizani yake mwenyewe, akasoma mwenyewe, akaandika mwenyewe. Wakulima hawakudai mizani ifutwe. Walidai awepo mpimaji wanayemwamini, na dai hilo likawa mojawapo ya mizizi ya ushirika uliojengwa chini ya uongozi wa Paul Bomani. Mwaka 1955 vyama vyao viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, muungano uliokuja kuhesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Kanuni yao inafaa pia kwa maoni: mpimaji akiwa ndiye mwenye faida, mzigo wako utakuwa mwepesi daima.

Ndipo likaja suala la Geita. Mwaka 1958 serikali iliweka huko baraza la wilaya la rangi zote, lenye wajumbe wa Kizungu na Kihindi katika wilaya ambayo karibu watu wake wote walikuwa Waafrika. Kwenye makaratasi, watemi walikuwa wamekubali. Wananchi wakasema hawakuulizwa. Umati ulikusanyika, ukakataa kutawanyika, ukafunga safari hadi Mwanza kutaka kusikilizwa na Kamishna wa Jimbo, na polisi wakatumwa kuutawanya. Kabla mambo hayajatulia, serikali ililazimika kuachana na mpango wa kulazimisha mabaraza ya namna hiyo, na TANU ikaruhusiwa kufanya kazi Usukuma. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya cha Geita kilikuwa kimesomwa kama ridhaa kwa miaka kadhaa, na gharama ya usomaji huo mbaya ililipwa na pande zote mbili.

Yupo atakayesema kwamba umati si kipimo: wanaokusanyika ni wenye hasira, na hasira ya elfu kadhaa haiwezi kuhesabiwa kuwa maoni ya wilaya nzima. Ni kweli kabisa. Maandamano hutuonyesha ukali wa maoni bila kutuonyesha ukubwa wake. Lakini watu wa Geita walifika barabarani baada ya njia nyingine zote kuzibwa. Pale ambapo hakuna baraza la kuchagua, wala chama kinachoruhusiwa, wala mtu wa kuuliza kwa staha na kuandika jibu kama lilivyotolewa, kilichobaki ni miguu. Anayechukia maandamano anapaswa kuwa wa kwanza kutaka kipimo bora.

Uhuru ulileta kipimo kimoja chenye nguvu. Katika uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, wagombea wawili wa TANU walishindanishwa katika majimbo mengi, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Wananchi walipopata kura ya siri waliitumia bila woga: Waziri wa Fedha, Paul Bomani yuleyule wa ushirika, aliangushwa. Kwa upande wa watu, basi, kipimo kilikuwepo. Kwa upande wa sera hakikuwepo. Mpiga kura aliweza kumwondoa waziri, ila hakuweza kusema chochote kuhusu vijiji, bei ya mazao au chama chenyewe. Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilipofika Shinyanga mwaka 1974, hakuna sanduku lililowauliza kama wanataka kuhama. Miaka hiyohiyo vyombo vya dola viliendesha msako wa wauaji Mwanza na Shinyanga, mahabusu wakafia mikononi mwao, na Mwinyi mwenyewe, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu kwa kuwajibika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, wanavijiji wa Kahama na Shinyanga waliunda sungusungu wao, vikundi vya ulinzi wa kijiji, bila kusubiri amri ya mtu. Serikali iliwatilia shaka kwanza, kisha ikawakubali, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Kuanzisha sungusungu kulikuwa njia ya kutoa maoni kuhusu polisi na mahakama, maoni ambayo hakuna dodoso lililoyatangulia.

Sasa turudi kwa Tume ya Nyalali. Watu zaidi ya 36,000 ni wengi, na wingi huo ndio unaotupumbaza. Marekani ilijifunza jambo hili mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilisambaza kadi kama milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, na likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. George Gallup, aliyewauliza watu wachache mno kuliko hao, alimtaja mshindi sawasawa. Majina ya jarida yalitoka kwenye orodha za wenye simu na magari, yaani wenye nafuu katika miaka ya dhiki, na waliojibu walikuwa wale waliojisikia kujibu. Gallup alitafuta sampuli iliyofanana na taifa. Tume ya Nyalali haikuwa na nia ya kufanya utafiti wa sampuli. Ilipokea maoni kwa barua na, zaidi, mikutanoni, mbele ya majirani na viongozi wa chama kilichoshika ofisi zote. Anayesimama mbele ya mwenyekiti wake wa tawi na kusema chama kisibaki peke yake anahitaji ujasiri ambao sanduku la kura halimdai.

Mtu makini atapinga hapa. Atasema maoni ya 1991 yalikuwa ya kweli, ila yalibadilika: mwaka 1992 vyama viliruhusiwa, magazeti yakaongezeka, Mrema akatoka CCM, na watu wakapata chaguo ambalo hawakuwa wamelifikiria. Pingamizi hili lina uzito, na sehemu kubwa ya mabadiliko huenda ilitokana na hayo. Lakini linaimarisha hoja yangu. Maoni ya umma hayakai tayari kifuani mwa mtu yakisubiri kuhesabiwa. Yanaundwa na habari, mijadala na machaguo yaliyopo. Kumuuliza mtu achague kati ya kitu anachokijua kwa miaka 26 na kitu ambacho ni marufuku kukijaribu ni kupima mazoea yake. Nyalali na wenzake walilielewa hilo. Waliona kwamba wengi wa waliotetea chama kimoja walitaka pia kirekebishwe, wakaona kwamba haki ya wachache haiwezi kufutwa kwa hesabu, na wakapendekeza vyama vingi licha ya asilimia 77. Mpaka leo hiyo ni mojawapo ya hukumu bora zaidi kuhusu maoni ya umma katika historia yetu, kwa sababu ilisoma takwimu pamoja na mazingira yaliyoizaa.

Vipimo vya sasa ni vya kisayansi zaidi. Afrobarometer, inayofanya utafiti Tanzania tangu mwaka 2001, huwahoji watu wapatao 2,400. Maeneo huchaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha ya sensa, watu 8 kila eneo, mdodosaji akipishanisha mwanamke na mwanamume. Mwishoni mhojiwa huulizwa anadhani nani amewatuma wadodosaji. Swali hilo dogo ni la thamani kubwa, kwa sababu wapo wengi wanaojibu kwamba ni serikali, na anayeamini anazungumza na serikali huchunga ulimi. Lakini tuangalie hesabu ya kwetu. Sensa ya 2022 iliwakuta watu 2,977,608 Geita kati ya 61,741,120 nchini, chini kidogo ya asilimia 5. Katika sampuli ya 2,400, Geita inapata watu kama 115. Kwa taifa zima, kosa linalotarajiwa ni kama asilimia 2 juu au chini. Kwa watu 115 linafika asilimia 9, na zaidi ikikumbukwa kuwa wametoka katika maeneo 14 hivi tu. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Mgusu, anayehama kila uvumi wa dhahabu unaposikika, ana nafasi finyu ya kukutwa nyumbani siku mdodosaji anapopita. Anayesema "watu wa Geita wanataka hivi" kwa kutumia utafiti wa taifa anasema zaidi ya anachojua.

Kipimo kizuri pia kinaweza kuuawa na hofu ya wakubwa. Shirika la kiraia la Twaweza, kupitia utafiti wake wa simu uitwao Sauti za Wananchi, ilitangaza Julai 2018 kwamba wanaokubali utendaji wa Rais John Magufuli walikuwa asilimia 55, kutoka 71 mwaka uliotangulia na 96 mwaka 2016. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliiandikia ikihoji kibali cha utafiti, na pasipoti ya mkurugenzi wake, Aidan Eyakuze, ikachukuliwa. Mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ilibanwa, kisha ikalegezwa mwaka 2019. Watetezi wa hatua hizo walisema takwimu mbovu zinaweza kuchochea vurugu. Hatari hiyo ipo, na utafiti wa maoni hukosea: mwaka 2015 Twaweza yenyewe ilimpa Edward Lowassa asilimia 25 mwezi mmoja hivi kabla ya uchaguzi, naye akatangazwa kupata karibu 40. Ila dawa ya takwimu mbovu ni takwimu nyingine iliyo wazi, yenye maswali yake, sampuli yake na mfadhili wake hadharani. Kuzuia kipimo hakumgeuzi mwananchi mawazo. Kunamrudisha mtawala katika hali ya wakubwa wa jimbo wa 1958.

Kwa ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama jambo hili lina uzito wa kila siku. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu kwa jina la maslahi ya taifa, na mgogoro wake haukuisha kwa miaka mingi. Mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000, vijiji vilibadilika bila kuulizwa. Tangu mwaka 2017 sheria inautaka kila mgodi kukubaliana na halmashauri juu ya mpango wa huduma kwa jamii kila mwaka. Kwa hiyo madiwani wa Geita na Msalala, iliko Bulyanhulu, wanaamua kwa niaba ya watu kama ipatikane barabara, zahanati, maji au mtaji wa vijana. Sampuli ya watu 600 ndani ya wilaya moja, ikichukuliwa na chuo au taasisi isiyo na maslahi mgodini wala chamani, kwa maswali yaliyochapishwa kabla, majina yakifichwa na matokeo yakibandikwa kwenye mbao za matangazo za kila kijiji, ingewapa madiwani wanachohitaji kwa makosa ya asilimia 4 tu. Halmashauri zinazopokea fedha za dhahabu zina uwezo wa kugharamia kazi hiyo kila mwaka. Zikishindwa kuifanya, basi zisidai kwamba wananchi wamekubali.