Colobus Conservation (Diani)

Colobus Conservation ni shirika la uhifadhi lililoanzishwa mwaka 1997 huko Diani, Kaunti ya Kwale, Kenya. Lengo lake ni kuwalinda mbega weusi-weupe wa Angola, ambao wenyeji huwaita kuluzu, na kipande cha msitu wa pwani kilichobaki katikati ya hoteli, nyumba na barabara.

Kuluzu hula majani zaidi ya kitu kingine na huishi mitini. Kiwanja kikifyekwa, njia yao ya juu hukatika: hushuka barabarani wakagongwa na magari, au hushika nyaya za umeme zisizofunikwa. Kwa hiyo shirika limening'iniza madaraja ya kamba juu ya barabara ya Diani, hupogoa matawi yanayogusa nyaya, na huotesha miche ya miti ya asili. Daraja huwavusha wanyama tu. Chakula chao ni mti, na hapo ndipo mpango wa mtaa unapopaswa kuanzia, kabla ya ramani ya nyumba kuchorwa.

Makao ya shirika yana kituo cha elimu ambamo wageni na wanafunzi huongozwa kuujua msitu ulio nje ya mlango.

Upande wa kusini, Kaya Kinondo huonyesha utunzaji wa kale zaidi: msitu mtakatifu wa Wadigo, mojawapo ya jamii za Mijikenda, unaolindwa na wazee, ambamo kukata miti ni mwiko. Mwaka 2008 UNESCO iliorodhesha misitu ya kaya za Mijikenda, Kinondo ikiwemo, kuwa Urithi wa Dunia.