Taarikhi ya Umbo la DNA
Mwaka 1869, mjini Tübingen, Ujerumani, tabibu kijana Friedrich Miescher, akichunguza usaha ulioganda juu ya vitambaa vya kufungia vidonda, alitoa katika viini vya seli dutu ambayo hakuna aliyepata kuijua, nayo ndiyo tuiitayo leo DNA. Umbo lake halikudhihirika ila baada ya miaka zaidi ya 80. Mwezi wa Mei 1952, katika King's College, London, Rosalind Franklin na mwanafunzi wake Raymond Gosling walipiga kwa eksirei picha iliyobainisha kwamba dutu hiyo imejisokota mfano wa parafujo. Na picha hiyo, alipoonyeshwa James Watson pasi na Franklin kujua, ilimzidishia yakini, hata yeye na Francis Crick wakaunda Cambridge kielelezo cha nyuzi mbili zilizosokotana, ambamo adenini hukabiliana na thaimini, na gwanini na saitosini, wakakitangaza katika jarida la Nature tarehe 25 Aprili 1953.

Watson, Crick na Maurice Wilkins wa King's College walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1962, ilhali Franklin alikwisha fariki mwaka 1958, naye ana umri wa miaka 37. Insafu yatulazimu, kila itajwapo elimu hii adhimu, kumtaja naye kwa taadhima, kwani vipimo vyake ndivyo vilivyoutia nguvu ushahidi wao.