Mtakatifu Kasiano, Mwalimu Aliyeuawa na Wanafunzi Wake

Jina la Kasiano si geni katika nyanda zetu za juu kusini. Lakini ukimwuliza mwenye jina hilo, "Kasiano wa kwanza alikuwa nani?" huenda akajibu kwamba alipewa siku ya ubatizo, basi. Leo twataka kusimulia habari zake.

Kasiano aliishi Italia zamani za dola ya Rumi, Wakristo walipokuwa wakiudhiwa, katika mji wa Forum Cornelii, ambao leo huitwa Imola. Habari zake tumezipata kwa mshairi Prudentius, aliyezaliwa Hispania mwaka 348. Mshairi huyo alikuwa akienda Rumi, moyo wake umejaa mashaka. Akapita mjini humo, akaanguka kifudifudi mbele ya kaburi la shahidi, akalia. Alipoinua macho aliona picha ukutani: mtu mwenye majeraha yasiyohesabika, amezungukwa na watoto wenye kalamu mikononi. Akamwuliza mlinzi wa mahali pale maana yake, naye akamweleza.

Kasiano alikuwa mwalimu. Alifundisha watoto mwandiko wa mkato, yaani kuandika upesi maneno kama yasemwavyo. Siku hizo watoto waliandika juu ya vibao vilivyopakwa nta, kwa kalamu za chuma zenye ncha kali. Basi Kasiano akakataa kuabudu miungu ya Rumi, akashtakiwa. Hakimu akauliza, "Mtu huyu kazi yake nini?" Akaambiwa ni mwalimu. Ndipo akaamuru afungwe mikono nyuma, apewe wanafunzi wake wamfanye watakavyo. Wengine wakampiga vibao usoni hata vikavunjika; wengine wakamchoma kwa kalamu zile zile alizowafundisha kuzishika. Mikono yao ilikuwa midogo, kwa hiyo hakufa upesi.

Prudentius hafichi sababu. Asema mwalimu huyo alikuwa mkali, na watoto walikuwa na uchungu naye siku nyingi. Wahenga husema akiba haiozi; na hasira iwekwayo moyoni nayo haiozi. Hakimu aliijua hasira hiyo, akaitumia, wala yeye mwenyewe hakushika kalamu hata moja.

Jina hilo lilivuka milima likafika nchi ya Tyrol, ambako jimbo la Brixen lilimfanya Kasiano kuwa msimamizi wake. Katika nchi hiyo ya Tyrol alizaliwa mtoto mmoja mwaka 1866, wa ukoo wa Spiss. Alipoingia utawa wa Wabenediktini aliitwa Cassian, ndilo Kasiano letu. Alikuja Afrika ya Mashariki, akaanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898. Mwaka 1902 akafanywa askofu, na Wakatoliki wa Tosamaganga, karibu na Iringa, walikuwa chini yake.

Tarehe 14 Agosti 1905, siku moja baada ya sikukuu ya Mtakatifu Kasiano wa Imola, askofu huyo alikuwa safarini kutoka Kilwa kwenda Peramiho, pamoja na mabradha wawili na masista wawili. Walipofika Mikukuyumbu, upande wa Liwale, wapiganaji wa Maji Maji wakawaua wote watano.

Wapiganaji wale hatuwafananishi na watoto wa Imola, maana waliitetea nchi yao. Watu walilazimishwa kulima pamba kwa malipo kidogo, wakatozwa kodi kwa nguvu, wakapigwa viboko. Askofu hakuwa mtoza kodi; walakini alikuwa wa taifa moja na watawala machoni pao, na uchungu ulioamshwa na wengine ukamwangukia yeye.

Mwezi wa Septemba vita ikafika Njombe, misheni ya Walutheri ya Yakobi ikashambuliwa. Kisha serikali ya Wadachi ikachoma mashamba na maghala, njaa ikaingia. Hesabu yake yenyewe ilitaja watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria hata 300,000. Wengi wao hawakuwahi kushika mkuki.

Kasiano wa kwanza Kanisa lamheshimu kuwa mtakatifu. Wa pili halijamtangaza. Lakini vifo vyao vyote viwili vyatufundisha kutomtazama yule apigaye tu. Sharti tuulize pia ni nani aliyeipanda hasira ile, na ni nani aliyeiachilia.

Basi mwalimu na akumbuke kwamba mtoto hasahau alivyotendewa. Mwanafunzi naye na akumbuke kwamba mkubwa akimpa ruhusa ya kumwumiza mtu, mkono utakaotenda ni wake mwenyewe. Nawe uitwaye Kasiano, sasa wajua jina lako latoka wapi.